Ngome Kongwe ya Bagamoyo: Ikaguliwe Kama Nyumba

Kosa la kwanza la mgeni anayeingia Ngome Kongwe ni kutafuta mizinga. Jina limempoteza. Jengo hili lilianza karibu na mwaka 1860 kama makazi ya tajiri mmoja wa Bagamoyo, Abdallah Marhabi, na kabla yake mji ulikuwa wa nyumba za miti, udongo na makuti. Sura ya kingome ilikuja baadaye, kwa mikono mingine na kwa shida nyingine. Kwa hiyo tathmini hii inalipima kwa kipimo chake cha asili: ni jumba la mwambao, lina kuta, dari, mlango, ua na paa, na kila kimoja kina la kusema.

Tuanze na hukumu, maana wapo wasomaji wanaotaka kujua tu kama nauli ya kutoka Dar es Salaam haitapotea. Haitapotea. Ila ukipitishwa vyumbani mbiombio, ukasimuliwa habari za pingu, ukapiga picha ya bahari kutoka juu ukaondoka, utakuwa umelipia robo ya bidhaa. Jengo hili linataka saa moja na nusu, tochi, na futi ya fundi ya mita tano. Futi si mzaha, na sababu yake tutaiona hapa chini.

Kwanza, waliopita humo. Marhabi alijenga wakati Seyyid Majid akitawala Unguja, biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ikiwa imepamba moto, na misafara ya bara ikiishia hapa Bagamoyo. Utajiri uliolipia mawe haya ulitoka huko, na anayeisifu nyumba bila kulitaja hilo anadanganya. Enzi za Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, jengo liliingia mikononi mwa dola likaimarishwa. Wajerumani wakalichukua kwa ajili ya askari wao. Waingereza wakaligeuza gereza. Baadaye likawa la polisi, na mwisho likakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Watumiaji watano kwa jengo moja ni wengi, na kila mmoja alibomoa kidogo, akaziba kidogo, akaongeza kidogo. Ndiyo maana ukiingia ukidhani kila unachokiona ni cha 1860, utachanganyikiwa: mlango uliozibwa, dirisha lenye nondo, chumba kilichokatwa kati kwa ukuta mwembamba. Kanuni rahisi ya kuanzia ni hii: ukuta mnene ni wa zamani, ukuta mwembamba ni wa mgeni.

Mwaka 1860 una uzito mwingine ambao wageni wengi hawausikii. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya 1964, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jumba la Marhabi limeponea tundu la sindano. Boma la Wajerumani, lililo mtaa wa pili na ni la 1897, halipati kinga hiyo kwa umri wake peke yake; jengo la namna hiyo hulindwa pale serikali inapolitangaza rasmi. Sheria hiyohiyo inaitaja milango ya kuchonga na fremu zake zilizotengenezwa kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Kwa hiyo anayekunong'oneza mtaani kwamba ana mlango wa kale wa kuuza na lori la kuubeba hakufanyii hisani.

Sasa toa futi. Pima unene wa ukuta kwenye dirisha au mlango wowote wa chini. Kuta za nyumba za mawe za mwambao huanzia sentimita 45 na hufika 60 au zaidi, na hazikunenepeshwa kwa ajili ya vita. Jiwe lake ni tumbawe la nchi kavu, lile la matundumatundu linalochimbwa ardhini karibu na pwani. Ni jepesi, halichongeki likawa na pembe safi, na halipangiki vizuri bila donge kubwa la chokaa katikati. Fundi alilazimika kujenga pande mbili, ya nje na ya ndani, kisha akajaza kati vipande vidogo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo ukiufanya mwembamba unafumuka. Ukiufanya mnene unasimama miaka mia na sitini, mradi kichwa chake hakilowi. Faida ya ziada ni ubaridi: joto la mchana linachukua saa nyingi kupenya unene huo, na likifika ndani jua limeshazama.

Tumbawe la pili, lile laini linalokatwa baharini likiwa bichi, lilitumika mahali pa mapambo, mfano kwenye matao na vidaka. Likiwa bichi hukatika kwa shoka na msumeno. Likikauka linakuwa gumu. Ukiona pembe iliyonyooka vizuri au mchoro katika jiwe lenye vijitundu vidogovidogo vilivyopangika, umeliona. Usilikwaruze ili kuhakikisha. Kuna watu hufanya hivyo kwa ufunguo wa gari, na jiwe halioti tena.

Sasa simama katikati ya chumba na pima upana wake, ukuta hadi ukuta. Hapa ndipo futi inapolipa. Katika nyumba za aina hii upana wa chumba huchezea mita 2.5 hadi 3, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani, na urefu unaweza kuwa mita nane, kumi, zaidi. Vyumba vinafanana na korido. Mgeni husema ni ushamba wa zamani au ni hila ya ulinzi. Sababu yenyewe iko juu ya kichwa chako: boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko uliokomaa, ulionyooka, usiopinda ukipewa mzigo, haukupatikana kwa urefu unaozidi hapo kwa wingi. Msitu wa mikoko ndio uliochora ramani ya jumba. Marhabi angeweza kununua vioo kutoka Ulaya na sahani kutoka China, lakini chumba cha mita tano bila nguzo hangeweza kukinunua.

Hesabu boriti. Zikipangwa kwa nafasi ya sentimita 35 kati ya moja na nyingine, chumba cha mita nane kinameza kama 23. Juu yake hupangwa vipande bapa vya matumbawe, na juu ya vipande hivyo humwagwa zege la chokaa na kokoto za mawe, kisha hupigiliwa kwa vipande vya mbao siku kadhaa hadi lishikamane. Hiyo ndiyo sakafu ya asili. Unene wa sentimita 20 ni wa kawaida. Chumba cha mita 3 kwa 8, chenye sakafu ya unene huo, kinabebeshwa tani nane au tisa kabla hakijaingia kitanda wala mtu. Ndiyo sababu boriti haisamehe. Ikioza ncha moja tu, pale ilipozama ukutani, haitoi taarifa kwa kupinda polepole, inakatika.

Na ncha ndiyo inayooza. Katikati ya boriti kuna hewa; ndani ya ukuta kuna unyevu na hakuna hewa, na mchwa hupanda humo bila kuonekana. Mulika tochi pale boriti inapoingia ukutani. Alama za kutafuta ni tatu: rangi nyeusi kuzunguka ncha, unga au njia za udongo za mchwa, na ufa wa lipu unaofuata mstari wa dari. Ukiviona vyote vitatu mahali pamoja, sogea, na mwambie mwenyeji.

Kagua pia kama dari unayoitazama bado ni ya boriti. Katika matengenezo ya majumba mengi ya mwambao, boriti zilizochoka ziliondolewa na mahali pake pakamwagwa zege la saruji lenye nondo. Linaonekana imara, na kwa miaka ishirini ya kwanza ni imara kweli. Kisha hewa ya chumvi inaingia, nondo zinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo zege linapasuka kwa chini na kudondosha maganda. Baya zaidi ni kwamba bamba gumu la zege limekalia ukuta laini wa matumbawe. Ukuta wa chokaa hupumua, hutanuka, hukaa kidogo, bamba halikubali. Nyufa zinatokea kwenye pembe za vyumba, za mshazari. Fundi asiyejua huziziba kwa saruji, na mwaka unaofuata zinafunguka kando ya kiraka.

Hilo la saruji linastahili kukaliwa, maana ndilo tatizo kubwa la Mji Mkongwe wote wa Bagamoyo, na mtu akilielewa hapa ataliona kila kona. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji kutoka ardhini, ni tabia yake. Maji hayo yanapanda hadi mita moja hivi, yakiwa yamebeba chumvi, na kwenye lipu ya chokaa yanatoka nje kwa mvuke bila taabu. Lipu inachafuka chini, inamomonyoka kidogokidogo, unaipaka upya. Chokaa imefanya kazi yake ya kujitoa kafara. Ukipiga lipu ya saruji, mlango huo umeufunga. Maji yanatafuta njia juu zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inakauka, inakuwa fuwele, inasukuma. Lipu inaanguka kwa mabamba makubwa, na kila bamba linaondoka na tabaka la jiwe. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, taratibu, kuanzia usawa wa goti kupanda. Pakilia tupu, pameachana. Mstari wa unyevu ukiuona kifuani badala ya gotini, shuku saruji.

Dawa yake inajulikana, na si ghali kama watu wanavyodhani. Ni ya polepole tu, na hapo ndipo wakandarasi wanapoikimbia. Chokaa ya asili hutengenezwa kwa kuchoma matumbawe katika tanuri la magogo hadi joto la kama nyuzi 900, kisha kuyazimua kwa maji na kuyaacha yaive yakiwa mabichi shimoni, wiki kadhaa kwa uchache, miezi kwa kazi nzuri. Chokaa iliyokimbizwa huwa na punje ambazo hazijaiva. Punje hizo zinaiva baadaye zikiwa ukutani na kutoboa lipu kama tetekuwanga. Mchanganyiko wa lipu ni kipimo kimoja cha chokaa kwa viwili na nusu au vitatu vya mchanga. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimoni, uliooshwa. Wa ufukweni, ambao Bagamoyo uko hatua chache tu, ndio hasa wa kuukwepa kwa sababu unarudisha chumvi ileile. Tabaka lisizidi sentimita moja na nusu, la pili lisubiri la kwanza lishike, na ukuta ulindwe na jua kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, kwa kuwa chokaa haikauki kama tope: inageuka kuwa jiwe kwa kunyonya hewa ya kaboni, na bila unyevu kazi hiyo inasimama. Lipu iliyokauka kwa jua la saa nane mchana unaifuta kwa kiganja.

Ukitaka kujua kama kiraka fulani ni cha chokaa au cha saruji bila kumuuliza mtu, angalia rangi na nyufa. Saruji ni ya kijivu hata chini ya rangi nyeupe, na hupasuka kwa nyufa ndefu zilizonyooka. Chokaa ni nyeupe inayoelekea krimu, na nyufa zake ni nyembamba kama nywele, tena nyingine hujifunga zenyewe.

Mlango mkuu. Waongozaji wengi huuhukumu kwa ukubwa wake, na hilo ni nusu ya habari. Milango ya kuchonga ya mwambao ina lugha mbili kuu. Yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi na maandishi ya Kiarabu na maua yaliyopangwa kwa ukanda, ni ya mtindo wa Kiarabu, na ndiyo mtindo uliotangulia. Yenye tao juu, yenye nakshi nzito za majani yanayojisokota, ilishamiri baadaye kwa mkono wa mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Tazama vipande vitatu: miimo ya pembeni, kizingiti cha juu, na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pale mbao mbili za mlango zinapokutana. Mfaa ndio fundi alipoonyesha ufundi wake, na ndio unaoibwa au kubadilishwa kwanza. Ukikuta miimo imechongwa kwa kina na mfaa ni bapa au nakshi yake haifanani, umekwisha kujua. Mnyororo uliochongwa ukingoni hutafsiriwa na wengi kuwa ni minyororo ya watumwa; mafundi waliuchonga pia kwenye milango ya nyumba ambazo hazikuhusika, na maelezo ya kawaida zaidi ni kwamba ni kinga ya nyumba. Kuhusu misumari ya shaba yenye ncha, asili yake ni India, ambako ilizuia tembo wa vita kusukuma malango. Bagamoyo tembo walifika wakiwa pembe tu, hivyo hapa misumari ni fahari.

Mbao nazo zina daraja: msaji ulioletwa kwa jahazi, mvule wa bara, mfenesi. Adui wa zote tatu ni mafuta machafu ya gari ambayo watu hupaka wakidhani wanalinda. Yanavuta vumbi, yanaziba nakshi, na yanageuza mlango kuwa mweusi ambao hakuna fundi atakayeurudisha bila kukwangua.

Paa ndilo linalogawa majumba mazima na magofu. Asili yake ni bapa, la sakafu ileile ya chokaa, na ukingo wa ukuta unaosimama juu yake. Kwenye nyumba ya familia ukingo huo ulikuwa wa stara, watu wapunge hewa jioni bila kuonwa na mtaa. Ukiutoboa matundu na kuuchonga meno, unapata ngome. Hiyo ndiyo tofauti yote, na ukisimama juu ya jengo hili utaona ni ndogo kiasi gani: kazi ya miezi michache ya waashi imebadilisha jina la nyumba kwa karne nzima. Kwa upande wa ufundi, paa bapa linahitaji mteremko wa maji, mifereji inayotokeza nje mbali na ukuta, na kupakwa chokaa kila mwaka kabla ya masika. Mwaka ukipita bila kupakwa, nyufa za nywele zinanywa maji. Miaka mitatu, boriti zinaanza kuoza. Kumi, mbegu ya mtini iliyodondoshwa na ndege imeshatia mizizi ndani ya ukuta. Mtini haung'olewi kwa kuvutwa, maana unaondoka na ukuta. Unakatwa, kisiki kinauliwa kwa dawa, mizizi inaachwa ikaukie humohumo, kisha tundu linajazwa chokaa. Mafundi wengi walitatua suala la paa bapa kwa kuezeka mabati ya mgongo juu yake. Wenye kupenda usafi wa historia hulalamika. Sisi tunayaunga mkono mabati: jengo kavu lenye kofia isiyo yake ni bora kuliko gofu lenye kichwa halisi.

Ua wa ndani usipitwe haraka. Ndiko hewa na mwanga vinakoingia, kwa kuwa madirisha ya nje ya chini hayakukusudiwa kuona wala kuonwa. Simama uani saa nne asubuhi, kisha ingia chumba cha pembeni: tofauti ya joto inasikika ngozini ndani ya dakika moja. Hewa moto ya uani hupanda, ikavuta hewa ya vyumba vyenye kuta baridi. Ukikuta mahali ua umefunikwa kwa bati au umejengwa kibanda katikati, mfumo huo umekufa, na vyumba vitanuka popo na ukungu.

Kuhusu handaki. Karibu kila mgeni husimuliwa kuwa chini ya jumba hili kuna njia ya siri ya kupitishia watumwa hadi majahazini. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari ulipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873 kati ya Barghash na Waingereza, na magendo yaliendelea baadaye, hivyo hadithi ina mahali pa kujishika. Lakini jengo lina namna yake ya kutoa ushahidi. Omba uonyeshwe mdomo wake, tao lake na lipu ya chokaa ya ndani, na uliza maji yalizuiwaje: pwani hii bahari ya bamvua hupanda mita tatu na zaidi, na njia iliyo chini ya usawa huo, bila lipu ya kuzuia maji, ingekuwa kisima. Mifereji ya maji machafu na mabirika ya kuhifadhia maji ya mvua yalijengwa chini ya majumba mengi, na mdomo wa birika lililokauka unafanana sana na mdomo wa handaki. Mateso ya watu waliopitishwa Bagamoyo hayahitaji handaki ili yaaminike. Yalifanyika juu ya ardhi, mchana kweupe, mbele ya macho ya mji.

Mambo ya njiani. Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, barabara ya lami, na kutoka stendi bodaboda au bajaji inakufikisha Mji Mkongwe kwa dakika chache. Fika mapema, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Jua la asubuhi linatoka baharini na kuupiga ukuta wa mbele kwa mshazari, na mwanga wa mshazari hufichua kila kiraka, kila tumbo la ukuta, kila mlango uliozibwa. Saa sita mchana ukuta wote unakuwa bapa, mweupe, haukuambii kitu. Mwezi mzuri kwa mkaguzi ni Juni: masika yamekwisha, madoa ya maji bado yapo, na hujaungua. Kiingilio hutofautiana kwa raia na wageni, kwa hiyo beba kitambulisho, lipa ofisini kwa namba ya malipo na uchukue risiti ya serikali. Mwongozaji mkubaliane malipo kabla ya kuanza, na mwambie mapema kuwa unataka habari za jengo. Mwongozaji mzuri atafurahi. Asiyejua atakupeleka moja kwa moja kwenye handaki. Viatu viwe vya kufunga. Ngazi za zamani zina vipandio virefu visivyolingana, na sakafu ya chokaa iliyolainishwa na nyayo inateleza ikilowa. Usiegemee kingo za juu. Desemba 4, 1889 Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, akiwa ndiyo kwanza amefika pwani na msafara wa Stanley, alianguka kutoka ghorofani katika nyumba mojawapo ya mji huu wakati wa karamu aliyofanyiwa na Wajerumani. Macho yake yalikuwa mabovu, na madirisha ya ghorofa za mwambao hushuka hadi karibu na sakafu ili kuvuta upepo. Alivunjika fuvu, akalala hospitali wiki nyingi. Usanifu ni uleule.

Ukitoka, usiondoke mjini bila kulinganisha. Fuata Mtaa wa India hadi Boma la 1897. Utaona mara moja kuwa nia imebadilika: jengo lenye umbo la herufi U, lenye ulinganifu wa pande, linalotazama watu na kutaka litazamwe, wakati jumba la Marhabi linageukia ua wake. Chunguza pia jinsi nafasi zilivyovukwa. Wajerumani walileta vyuma vya kuvuka nafasi pana, na katika majengo yao ya pwani chuma hicho ndicho leo kinachopasua kuta kwa kutu. Nyumba ya Forodha, ya 1895, iko ufukweni na inapigwa na chumvi kuliko yote; itazame kwa ajili ya kujifunza lipu inavyokufa. Shule ya Sewa Haji inafaa kupitiwa kwa ajili ya mtu aliyeitoa: tajiri wa Kiismailia aliyewaandalia wazungu msafara baada ya msafara, kisha akatoa jengo ili watoto wa rangi zote wasome pamoja, jambo ambalo utawala wa wakati ule haukulizoea.

Mwenye siku nzima apande bodaboda hadi Misheni ya Katoliki, iliyoanzishwa 1868. Nyumba ya mapadri, iliyoanza kujengwa 1873, ni jumba la ghorofa lenye roshani za kuzunguka, na inaonyesha jibu jingine la swali lilelile la joto: badala ya kufunga ukuta wa nje na kufungua ua, imefunika ukuta kwa kivuli. Katika mnara wa kanisa la zamani ndimo mwili wa Livingstone ulimolazwa usiku wa Februari 24, 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Makumbusho iko katika nyumba ya masista ya 1876. Mwenye nusu siku tu aache Misheni na achukue Boma, maana Boma na Ngome vikisomwa asubuhi moja, kimoja kinakufundisha kukisoma kingine, na vyote viwili viko umbali wa kutembea kwa miguu.